Mume anataka 125, kaka anataka 100, na atakayeipanda ni mimi

Shikamoo Fundi,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kununua pikipiki. Pesa ninayo, nimeidunduliza mwenyewe kwa miaka miwili, kwa hiyo sikuandikii kuhusu pesa. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu siku hizi pamekuwa kama bungeni.

Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita 18 kwenda na 18 kurudi, siku sita kwa wiki. Njia yote ni lami isipokuwa kilomita mbili za mwanzo, ambazo kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi. Katikati kuna mlima. Si mkali sana ila ni mrefu, kama kilomita tatu hivi, na malori yanaupanda pamoja nasi. Zamu ya asubuhi inanitoa nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Jumatatu na Ijumaa nitambeba mume wangu hadi kazini kwake, ambako ni juu kabisa ya huo mlima. Siku zilizobaki niko peke yangu na mkoba wangu.

Baada ya kuzunguka sana nimebakiza mbili: Hero Splendor+ na Honda Shine 125. Zote mpya, zote za injekta, yaani mafuta yanapulizwa kwenye injini kwa umeme badala ya kupitia kabureta. Nimenakili karatasi zake. Splendor ni cc 97.2, nguvu za farasi 8.02 injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, nguvu ya kuzungusha Nm 8.05 kwenye mizunguko 6,000, gia nne, tenki lita 9.8, uzito kilo 112, kiti kiko milimita 785 kutoka chini. Shine ni cc 123.94, nguvu za farasi 10.74 kwenye mizunguko 7,500, Nm 11 kwenye mizunguko 6,000, gia tano, tenki lita 10.5, uzito kilo 113, kiti milimita 791. Shine naweza kuipata yenye breki ya mbele ya ngoma au ya diski. Muuzaji wa Splendor ameniapia kwamba lita moja inakwenda kilomita 80. Wa Shine amesema 65.

Mume wangu anataka Shine. Anasema Honda ni Honda, na kwamba cc 100 ni ya kuchezea. Kaka yangu ni fundi wa pikipiki, tena ndiye aliyenifundisha kuendesha. Yeye anataka Splendor, kwa sababu haina makuu, injini yake angeweza kuifungua na kuifunga gizani, na hizi 125 za siku hizi "zina mambo ya kompyuta". Juzi walibishana sebuleni mpaka watoto wakaamka.

Mimi nikimsikiliza huyu namwona ana haki, nikimsikiliza yule vilevile. Kimo changu ni sentimita 156 na uzito wangu kilo 58. Mume wangu ana kilo 76. Sijui kama hayo yana maana, lakini nimeona wenzangu wanaokuandikia huwa wanayataja.

Ni mimi binti yako,
Njia Panda

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta neno moja tu ambalo sikuliona mara ya kwanza, na kweli halimo. Umeandika mizunguko ya injini, umeandika nukta za cc, umeandika ugomvi wa sebuleni. Hujaandika popote kwamba umezikalia. Mume kasema, kaka kasema, wauzaji wawili wamesema, na wewe kimo chako umekitaja mwishoni kabisa, tena kwa kuomba radhi. Hilo tutalirudia. Kwanza niwaondoe wanaume barabarani.

Nianze na shemeji, yaani mume wako. Honda ni Honda, sawa, lakini hajui kwamba pikipiki anayoikataa ilizaliwa nyumba hiyohiyo. Hero na Honda walikuwa na kampuni ya ubia kule India tangu 1984, ikiitwa Hero Honda, na Splendor ilitoka humo mwaka 1994. Walitangaza kuachana Desemba 2010. Ile injini ndogo ya cc 97.2 ni ya ukoo wa Honda tangu enzi hizo. Kwa hiyo kati ya hizi mbili hakuna mgeni, ni watoto wa ndugu. Ikiwa shemeji anataka Shine, atafute sababu nyingine, na kwa bahati yake ipo, nitamsaidia kuitaja.

Sasa kaka yako. Namheshimu, kwa sababu mtu anayeweza kufunga injini gizani ni mtu wa kushika. Lakini hoja ya kompyuta haiwezi kuipiga Shine ikaiacha Splendor, maana wewe mwenyewe umeandika kwamba zote ni za injekta. Ile Splendor anayoijua kwa vidole ni ya kabureta. Hii unayoenda kununua ina pampu ya mafuta ndani ya tenki, ina vihisio, na ina kisanduku kinachopima mafuta ya kupuliza, sawasawa na ya pili. Mwombe aikague hiyo mpya kabla hajaendelea kuitetea.

Injekta yenyewe si ya kuogopwa. Asubuhi ya baridi haitaki kubembelezwa, na hakuna skrubu ya kuchezewa na kila mpita njia. Inataka mambo matatu tu: mafuta safi, betri yenye uhai, na usiitembeze tenki likiwa linakaribia kukauka kila siku, kwa sababu ile pampu inapozwa na mafuta yenyewe inayoyasukuma. Wapo wanaoweka mafuta ya kufika tu, kesho tena ya kufika tu. Kwa kabureta walikuwa wanavuta uchafu wa chini ya tenki. Kwa injekta wanaipika pampu. Na betri ikifa kabisa, usidhani kiki itakuokoa kama zamani. Pampu inataka umeme ndipo injini ipate mafuta.

Haya, tumebaki mimi na wewe na zile karatasi.

Wauzaji wamekupa 80 na 65, na najua kichwani mwako hiyo tofauti imekaa kama jabali. Hebu tuipige hesabu. Kilomita 36 kwa siku, siku sita, ni 216 kwa wiki. Kwa mwezi tuseme 900 na ushei. Tuwaamini wauzaji wote wawili kama malaika: 900 gawanya kwa 80 ni lita 11 na robo. 900 gawanya kwa 65 ni lita 13.8. Tofauti ni lita mbili na nusu hivi kwa mwezi mzima. Zidisha kwa bei ya mafuta ya kwenu, uone kama ni kitu cha kuamshia watoto.

Tena hizo ni namba za maneno matupu. Hakuna anayeweza kukuambia pikipiki yako itakula kiasi gani kabla hujaipanda wewe, kwenye mlima wako, na mkono wako. Utapima mwenyewe. Jaza tenki mpaka alama ya shingoni, andika kilomita. Tembea siku zako nne tano za kawaida, rudi kwenye pampu ileile, jaza mpaka alama ileile pikipiki ikiwa imesimama wima vilevile. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita zilizoingia. Rudia mara tatu ndipo useme umejua. Ukipata 55 ambapo uliambiwa 80, usikimbilie kulia kwamba umeibiwa. Angalia kwanza upepo wa tairi, angalia kama breki ya nyuma inashika wakati hujaikanyaga, kisha jiulize ni mara ngapi unaivuta gia ya pili mpaka injini inapiga kelele.

Namba ninayoipenda mimi kwenye karatasi zako haimo kwenye barua, kwa sababu wauzaji hawaitaji. Ni kipenyo cha silinda na safari ya pistoni. Splendor kipenyo chake ni milimita 50. Shine ya hizo cc 123.94 nayo ni milimita 50. Mdomo wa kikombe ni uleule! Kilichoongezeka ni kina: pistoni ya Splendor inasafiri milimita 49.5, ya Shine inasafiri 63.1. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu gereji, vijana wakadhani nimepata habari njema.

Maana yake kwako ni hii. Injini yenye safari ndefu ya pistoni kwa kawaida haihitaji kuzungushwa sana ndipo ivute. Ukiangalia, zote zinafikia kilele cha kuvuta kwenye mizunguko 6,000, ila moja inakupa Nm 8.05 na nyingine Nm 11. Hiyo ni zaidi ya theluthi juu, na mizunguko haijaongezeka. Mlimani hilo utalisikia kwenye makalio kabla ya kulisikia masikioni.

Sasa mpakize shemeji. Wewe kilo 58, yeye 76, jumla 134. Splendor na ninyi wawili juu yake ni kilo 246, na kila nguvu ya farasi moja imebeba kilo 31 hivi. Shine na ninyi wawili ni kilo 247, na kila farasi amebeba 23. Ukiwa peke yako kwenye Splendor, kila farasi anabeba 21. Umeona kinachotokea? Shine ikiwa imebeba watu wawili inakaribia kuwa nyepesi kama Splendor iliyobeba mtu mmoja. Hiyo ndiyo sababu ambayo shemeji alikuwa anaitafuta akaishia kusema Honda ni Honda. Na kichekesho ni kwamba sababu yenyewe ni yeye.

Kabla hujaendelea, fungua kitabu cha kila pikipiki utafute mzigo unaoruhusiwa, maana hapo mpandaji na abiria wote huhesabiwa. Kilo 134 kabla ya mkoba si kidogo kwa pikipiki za daraja hili. Ukikuta mmezidi, hilo ni jambo la kuzungumza na mume wako, si la kuzungumza na mimi.

Peke yako, siku nne kati ya sita, Splendor itaupanda mlima wako bila aibu. Utashuka gia ya tatu, pengine ya pili pale penye lori, utafika. Sikudanganyi kwamba cc 100 haipandi milima. Inapanda. Tatizo ni Jumatatu na Ijumaa, giza bado, mtu wa kilo 76 mgongoni, lori nyuma yako linataka kupita na wewe huna cha kuongeza. Si suala la kukimbia. Mimi si mtu wa kukimbia, na pikipiki ya kwendea kazini haina haja ya kukimbia. Ni kwamba pakitokea haja ya kuondoka mahali, uwe na akiba kidogo mkononi.

Sasa turudi kwenye lile neno nililolikosa.

Kiti kimoja ni milimita 785, kingine 791. Tofauti ni milimita sita, kama unene wa penseli. Ungekuwa unachagua kwa karatasi ungesema hakuna tofauti, na ungekosea, kwa sababu kimo cha kiti ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni upana wake pale mbele, karibu na tenki, panapopita mapaja. Kiti kipana kinakufungua miguu, na mguu uliofunguka haufiki chini. Nimeona watu wafupi kuliko wewe wakikaa raha kwenye pikipiki ndefu yenye kiti chembamba, na warefu wakichechemea kwenye fupi yenye kiti kama meza. Hakuna karatasi inayoandika hilo. Makalio ndiyo yanayoandika.

Kwa hiyo nenda dukani umevaa viatu vyako vya kazini. Vilevile utakavyovaa alfajiri, si raba za Jumapili. Ikalie Splendor, isimamishe wima, ondoa stendi ya pembeni. Nyayo za mbele zifike chini miguu yote miwili kwa pamoja, si lazima kisigino. Kisha isukume kinyumenyume kwa miguu, hatua tano, ukiwa umekaa. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae. Kila siku utakuwa unaitoa mahali pa kuegesha kwa njia hiyo, na hakuna aliyewahi kuanguka kwa kukosa nguvu za farasi mahali pa kuegesha. Wanaanguka kwa kukosa ardhi. Ukimaliza, hamia Shine ufanye vilevile.

Halafu ipandishe kwenye stendi kubwa. Watu watakuambia hiyo ni kazi ya wanaume. Uongo. Ni kazi ya mguu. Shika usukani kwa kushoto, kulia ushike chuma cha nyuma cha abiria. Shusha stendi kwa mguu wa kulia mpaka usikie ncha zake zote mbili zimegusa chini, kisha simama kwa uzito wako wote juu ya kile kidole cha stendi, kama unayepanda ngazi. Mikono inaongoza tu. Kilo zako 58 zinatosha kwa pikipiki ya kilo 112, na zinatosha kwa ya 113. Ukijaribu mara tatu ukashindwa kwa moja na ukaweza kwa nyingine, umepata jibu ambalo mimi siwezi kukupa.

Ukiwa bado umekaa, muulize muuzaji gia zinavyopangwa. Kuna pikipiki ambazo gia zote zinaingia kwa kukanyaga kwenda chini, na kuna ambazo ya kwanza ni chini na nyingine zote ni juu. Kaka yako alikufundishia moja ya hizo na mguu wako umeshazoea. Kubadilika si vigumu, ni wiki mbili za umakini, lakini afadhali ujue sasa kuliko kujua katikati ya mlima.

Jambo jingine ambalo barua yako haikuligusa kabisa: taa. Unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na nusu ya safari yako ni giza. Hakuna anayenunua pikipiki usiku, ndiyo maana watu wengi hugundua udhaifu wa taa baada ya kulipa. Nenda dukani jioni wanapokaribia kufunga. Omba wawashe injini, waielekeze pikipiki ukutani kutoka hatua kama kumi, na uone mwanga unavyokaa: una ukingo ulionyooka au umetapanyika kama maji yaliyomwagika, una kiini au ni ukungu tu. Badilisha juu na chini. Kama aina moja inauzwa ikiwa na taa za LED na nyingine za balbu ya kawaida, linganisha ana kwa ana. Mimi kwa safari yako ningeweka taa mbele ya rangi, mbele ya rimu, na mbele ya zile redio na vikorokoro vya kuchajia simu.

Breki sitachelewa nazo. Ukichukua Shine, chukua ya diski. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki, maana ukishika breki uzito mwingi unahamia mbele, na diski inakupa kushika kunakolingana na kidole chako. Ngoma nayo inasimamisha, nimeipanda miaka mingi. Ila kwenye mteremko mrefu ikipata joto inalegea, na ikiingia maji baada ya dimbwi inakupa mshangao. Wewe una vyote viwili, mteremko wa kilomita tatu wakati wa kurudi na kilomita mbili za utelezi. Kwenye utelezi huo, sasa, sahau ushujaa wa diski: breki ya nyuma kwanza, polepole, mbele uiguse kama unayepapasa uso wa mtoto mchanga.

Uliza pia kama pikipiki ina mfumo wa kuunganisha breki, yaani ukikanyaga ya nyuma na ya mbele inashika kidogo. Kwa mpandaji mgeni ni msaada.

Tairi zenu zinafanana mno. Zikiwa na maandishi 80/100-18, maana yake upana wa milimita 80, kimo cha ukuta asilimia 100 ya huo upana, rimu ya inchi 18. Rimu kubwa hivyo inapita mashimo vizuri kuliko ndogo. Ukiwa umeinama hapo, tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu ubavuni mwa tairi: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Pikipiki "mpya" yenye tairi za miaka minne imekaa mahali fulani miaka minne, na betri yake pia.

Spea. Hapa ndipo kaka yako anapokuwa na hoja ambayo hakuitaja. Kabla ya kulipa, zunguka maduka matatu ya spea unayoyafikia kwa urahisi, uulizie vitu vinne kwa kila pikipiki: waya wa klachi, viatu au pedi za breki, chujio la hewa, na seti ya mnyororo na meno yake. Usiulize kama "vinapatikana". Omba uvione kaunta. Anayekuambia njoo kesho amekujibu. Kama Splendor vyote vinne viko rafuni na Shine unaambiwa kesho mara tatu, basi futa nusu ya niliyoyasema juu kuhusu mlima, kwa sababu farasi kumi waliolala gereji hawampeleki muuguzi zamu.

Na mnyororo wenyewe ukiwa umefunikwa kwa boksi zima, usiusahau kwa sababu huuoni. Boksi linazuia vumbi la zile kilomita zako mbili, halitii oili. Oili ya injini iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi yako inaogelea humohumo na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Kaka yako hayo anayajua kuliko mimi, mwachie.

Ukiniuliza ningefanya nini, mimi ningechukua Shine ya diski. Si kwa sababu ya jina, na si kwa sababu 125 ni kubwa kuliko 100. Ni kwa sababu ya Jumatatu na Ijumaa, na mteremko wa jioni. Kama ungeniambia unakwenda peke yako siku zote sita na njia ni tambarare, ningekuambia Splendor bila kufikiri mara mbili, na ile gia ya tano usingeikumbuka. Lakini yote hayo yanasimama juu ya sharti moja: uwe umeikalia, umeisukuma nyuma, umeipandisha stendi, na mwili wako umekubali. Mwili ukikataa Shine, chukua Splendor, na shemeji atafute usafiri mwingine siku hizo mbili. Miguu anayo.

Nimewahi kununua pikipiki kwa sababu nilipenda umbo la tenki lake. Nilikuwa kijana, na fundi tayari, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Niliiuza baada ya miezi minne kwa sababu magoti yangu yalikuwa yanagusa usukani kila nikikata kona. Hakuna aliyeniambia niikalie.

Safari ya majaribio usiifanye peke yako. Omba pikipiki ya majaribio, beba kofia ngumu mbili za kwenu, na umpakize shemeji nyuma, huyohuyo wa kilo 76, mpaka kwenye mlima wowote ulio karibu na duka. Kaka yako abaki dukani akiongea na wauzaji, atafurahi. Panda na Splendor kwanza, shuka, panda na Shine. Usimuulize abiria chochote mkiwa njiani.

Kisha niandikie kila moja uliipandisha kwa gia ya ngapi.

Fundi